Kitufe cha Nati Nne

4 Februari

Mwanangu Waya,

Hujambo huko uliko? Sisi huku wazima. Tunakula, tunalala, tunagombania dirisha, mmoja anafungua na mwingine anafunga. Yule paka wako amezaa tena, watoto watatu, ndani ya kikapu changu cha vitambaa vya bitana, na mmoja amefanana na kinyozi jirani hadi naona aibu kumtazama kinyozi. Baba yako mkubwa yupo. Anapumzika pumzika.

Haya, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Nina mteja wangu mmoja, mtu mzima, heshima zake, anataka kununua mashine ya gemu. Ile ya kuunganisha kwenye televisheni, mtu anashika rimoti na kukimbiza magari. Ameambiwa ziko mbili zinazoshindana, moja nyeusi, nyingine nyeupe, na kila muuzaji anaapa kwamba ya kwake ndiyo mashine na ile nyingine ni takataka. Nikamwambia asihangaike, ninaye mtoto anayeshinda na mashine hizo mezani kutwa. Nieleze ipi ni bora.

Usipige simu. Simu yangu imeharibika, siku hizi inaongea kwa sauti kubwa tu, mtu akinipigia mtaa mzima unakuwa kwenye mazungumzo. Meseji pia usitume, kwa sababu miwani yangu ikipotea anayenisomea ni baba yako mkubwa. Andika barua, na uilete kwa anwani ya chumba changu cha kushonea. Si nyumbani.

Mama yako mkubwa


15 Februari

Mama mkubwa, shikamoo.

Mimi sijambo kabisa. Mama mwenye nyumba ameniongezea ufunguo wa pili baada ya kunikuta nje ya mlango mara tatu ndani ya wiki moja, na kazini nimehamishiwa meza ya dirishani, kwa hiyo sasa naona ninachokitengeneza. Huyo mtoto wa paka mwite Kinyozi, mambo yaishe.

Mteja wako amepata mtu! Hapa kwetu hatutengenezi kitu kingine ila mashine za gemu, na ubishi wa Nyeusi na Nyeupe ndio chai yetu ya saa nne. Nimeziweka mezani sambamba, mchezo ule ule wa magari, televisheni ile ile, saa ya kuhesabu mkononi.

Kufungua mchezo: Nyeusi sekunde tisa, Nyeupe kumi na nne. Picha: Nyeusi inachora picha sitini kila sekunde na haitetereki hata magari yakijaa barabarani, wakati Nyeupe ikibanwa inashuka hadi arobaini na kitu, ukiwa na jicho kali unaona gari linakatika katika. Prosesa ya Nyeusi ina nguvu zaidi, kumbukumbu yake ni kubwa zaidi, na majani ya pembeni mwa barabara unayaona moja moja, Mama mkubwa, moja moja! Kwa joto Nyeupe inashinda kidogo, na feni yake ni kimya, lakini nani ananunua gari kwa sababu honi yake ni ya upole? Mwambie mteja achukue Nyeusi na afumbe macho.

Msalimie Baba mkubwa, kama bado anapokea salamu zangu. Miaka miwili sasa tangu nimwombe rafu moja tu ya mashine za gemu, akaniambia karakana yake inatibu redio, haitibu midoli. Nami nikamjibu kwamba mikono yake imepitwa na wakati. Nilitoka pale na begi langu nikijiona mshindi. Siku hizi nikilikumbuka neno lile nazima redio.

Mwanao, Waya


2 Machi

Mwanangu Waya,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Nimeshona sare za kwaya nzima, watu ishirini na wawili, na wote wamenenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Kinyozi mdogo amefungua macho. Kinyozi mkubwa bado hajui lolote.

Mteja alinunua Nyeusi. Picha ni nzuri, sikatai, nami nimeyaona hayo majani yako. Lakini mteja alipoanza kuendesha, gari liligonga ukuta kwenye kona ya kwanza. Likarudishwa, likagonga tena. Ulisema inafungua kwa sekunde tisa, basi hata kugonga kwake kulichukua kama sekunde tisa. Mara ya nne akaiweka rimoti chini, akaniambia nizime, akageukia ukutani na hakuzungumza hadi wakati wa chakula.

Mimi nakuuliza maswali ya mshonaji. Vitufe vyake ni vizito? Kile kijiti cha kusukumia kinahitaji nguvu kiasi gani? Gari linaweza kwenda taratibu? Na hiyo rimoti, inaweza kushikwa na mtu ambaye mkono mmoja ni mvivu? Habari za prosesa mpelekee prosesa mwenyewe.

Mama yako mkubwa


11 Machi

Mama mkubwa, shikamoo.

Mimi mzima, ila umenitia aibu mbele ya meza yangu. Miaka miwili napima mashine hizi kwa kila kipimo kilichopo, na hakuna siku niliyojiuliza kitufe chake kina uzito gani. Hapa hakuna hata chombo cha kupimia. Ikabidi nitumie nati. Nimelaza kontrola (inaitwa kontrola, Mama mkubwa, rimoti ni ya televisheni), nikawa napanga nati ndogo juu ya kitufe, moja baada ya nyingine, hadi kikabonyea. Wenzangu waliacha kazi wakaja kutazama, mmoja akaniuliza kama nimerukwa na akili au napika.

Nyeusi: nati kumi na moja. Nyeupe: nati saba. Kijiti cha Nyeusi ni kigumu, kimetengenezwa kwa vijana wanaoikaba kontrola. Cha Nyeupe ni laini. Halafu nikaingia kwenye mipangilio. Nyeupe inakubali kupunguza mwendo wa mchezo hadi nusu, inakubali kuhamisha kazi ya kitufe chochote kwenda kitufe kingine, na kontrola yake inagawanyika vipande viwili, kila mkono na chake. Kwa mkono mvivu, Nyeusi yangu imepigwa bao na mashine niliyokuwa naicheka. Kazini nimewaambia, wakasema nimehongwa.

Sasa na mimi nina swali, na usinikasirikie. Umeandika Februari kwamba simu yako imeharibika. Umeandika Machi, na bado nakuletea barua chumba cha kushonea. Mama mkubwa, katika nyumba hiyo hata pasi ya jirani wa mtaa wa tatu ikiharibika hutoka na karatasi imefungwa kwa uzi wako, imeandikwa "Imepona" na tarehe yake. Baba mkubwa hajawahi kuandika "imetengenezwa" maishani mwake, ni "imepona", kama daktari. Simu yako kubadilishwa spika ni kazi ya robo saa. Kwa nini haijapona?

Na huyo mteja aliyegeukia ukutani mbele yako hadi wakati wa chakula, alikuwa anakula kwa nani?

Waya


3 Mei

Mwanangu Waya,

Hujambo? Najua nimekaa kimya. Nimeianza barua hii mara sita, na tano zimekuwa patroni za mikono ya blauzi. Kinyozi mdogo amehamia kwa kinyozi mkubwa kwa hiari yake, damu imejua damu.

Mteja ni baba yako mkubwa.

Ilikuwa Januari, asubuhi, anatengeneza redio. Chuma cha kulehemu kikamtoka mkononi, kikachoma kitambaa cha meza. Nikamkaripia kwa ajili ya kitambaa, Mungu anisamehe. Akataka kunijibu, mdomo ukaenda upande. Hospitali walisema ni kiharusi kidogo. Kwao ni kidogo. Maneno yalirudi baada ya wiki, mguu ukafuata, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala. Wakampa mpira wa kufinya, akampa paka. Ndipo yule binti anayemfanyisha mazoezi akasema wapo wagonjwa wanaorudisha vidole kwa gemu, kwa sababu mtu anasahau kwamba anafanya mazoezi. Baba yako akacheka kwa dharau. Ila jioni yake nikamwona anautazama mkono.

Akaniapisha nisikwambie. Hakutaja neno ulilomwambia, hajawahi kulitaja hata siku moja. Alisema tu, "Waya asinione hivi." Kwa hiyo nikatunga mteja. Kwako nilisema mteja anataka mashine, kwake nikasema mteja ameleta mashine tumtunzie, na ruhusa ya kuichezea ametoa. Nimedanganya huku na huku hadi mteja huyo nimeanza kumwona sura, ana kipara na anapenda suti za kijivu.

Mkono ukikaa hivi hivi karakana itafungwa, na akifunga karakana sijui nitaishi na nani, maana huyu anayegeukia ukuta simfahamu. Binti wa mazoezi anasema miezi hii ndiyo yenyewe. Sikuandika ili nikuumize. Nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili, basi.

Mama yako mkubwa


12 Mei

Mama mkubwa, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa sakafuni. Nililia, nasema wazi, na mama mwenye nyumba akadhani nimepoteza na ufunguo wa pili. Naumia kwamba nilisema neno lile, na naumia zaidi kwamba nilimchagulia mashine ya kumwonyesha kwamba nilisema kweli. Nati kumi na moja! Ningekuwa karibu ningejibonyeza mwenyewe.

Nilitaka kupanda basi siku hiyo hiyo. Lakini amesema asionwe, na mimi nimeshamvunjia heshima mara moja, sitaki iwe mbili. Kwa hiyo naleta mzigo badala yangu.

Ndani yake kuna Nyeupe, ni ile ya kwangu. Mwendo wa gari nimeuweka nusu tayari, usiguse kitu. Kontrola nimeifungua. Nimebadilisha mipira iliyo chini ya vitufe, nimeweka springi laini kwenye kijiti, na upande wa kulia nimeuzungushia kitambaa usiteleze mkononi. Nimepima tena: nati nne. Hata Kinyozi mdogo anaweza kuendesha. Akizoea, aniandikie yule mteja wa suti za kijivu, nitatuma mipira ya nati tano, halafu sita.

Mwambie mteja amebadilisha mashine. Jina langu lisitajwe.

Waya


9 Juni

Mwanangu Waya,

Habari za huko? Huku kuna habari na nusu. Keti.

Mzigo ulifika. Nikamwambia mteja amekuja, amechukua Nyeusi ameleta Nyeupe. Akauliza mteja alikuja saa ngapi, nikasema ulipokuwa msalani. Kona ya kwanza alipita. Ya pili akapita. Ya tatu akagonga, lakini alicheka, Waya, nilikuwa jikoni nikaangusha mwiko. Nilidhani nimesahau kile kicheko. Tangu siku hiyo anaendesha asubuhi na jioni, na mimi nimekuwa mtu wa kuulizwa "umeiona hiyo?" kutwa nzima. Wiki ya pili kidole gumba kilianza kubonyeza chenyewe bila kusaidiwa na mkono wa kushoto. Binti wa mazoezi alimpigia makofi, baba yako akajifanya hakusikia.

Sasa sikia balaa. Jumamosi namkuta mezani kwake karakana, mahali ambapo hakukaa tangu Januari. Ana bisibisi mkono wa kushoto, kontrola ameibana kwa ule wa kulia, ameifungua yote. Nikamwambia, wewe, ni mali ya mtu! Akasema kitufe chepesi namna hii hakikutoka kiwandani, lazima kuna mtu ameingia ndani. Akainamisha taa. Humo ndani nyaya zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa bluu, mafundo matatu, ncha imechomwa kidogo isifumuke.

Akautazama sana. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Mteja wako anashona?"

Nikasema sijui. Akasema, "Maana ana uzi wako."

Tangu hapo hajaniuliza kitu, na leo ni siku ya tatu hajagusa gemu. Kontrola iko wazi mezani vile vile. Mwanangu, ulifunga mafundo ya nini?

Mama yako mkubwa


17 Juni

Mama mkubwa, shikamoo.

Sikujua kama nimefunga! Niamini. Hapa kazini nyaya zinabanwa kwa plastiki, mimi peke yangu natumia uzi, wananitania kila siku. Ni yeye aliyenifundisha. Nikiwa darasa la tano alinifanya nirudie fundo la tatu hadi vidole vikauma, akisema waya usiofungwa ni waya unaotafuta kukatika. Ile rola ya uzi wa bluu niliichukua kwenye kikapu chako siku naondoka, nilikuwa nimekasirika lakini sikuwa mjinga. Nilipokuwa natengeneza kontrola yake mawazo yalikuwa kwake, mikono ikafanya ilivyozoeshwa.

Amekasirika? Amesemaje? Kama ameacha kucheza kwa sababu yangu, mwambie mashine ni ya mteja kweli, mwambie uzi huo mteja aliununua kwako, mwambie lolote, ila asiache. Anichukie na aendelee kubonyeza.

Nakuomba uandike upesi. Nimepima kila kitu hapa mezani, na hili sina kipimo chake.

Waya


21 Julai

Mwanangu Waya,

Hujambo? Sisi wazima, na safari hii nikisema wazima nina maana yake.

Nisamehe kukawia, nilikatazwa kuandika. Barua yako ilipokuja niliisoma nikaiweka kwenye droo ya sindano, nikarudi nikakuta haipo. Iko mezani kwake. Zote ziko mezani kwake, kuanzia ile ya Februari, amezipanga kwa tarehe. Kumbe alijua droo yangu miaka yote. Nilisimama mlangoni nangoja kugombezwa. Alikuwa kwenye ile ya nati. Anasoma, anacheka peke yake, kisha akavua miwani akajifuta macho na mkono wa kulia, huo huo. Akasema, "Huyu mtoto amepima kitufe kwa nati." Akasema tena, kama vile sikusikia. Akaniambia nisikujibu kwanza, kuna kazi anataka kuimaliza.

Akafunga kontrola, akarudi barabarani, kona zote sasa anazijua. Juzi juzi mwendo ameutoa kwenye nusu. Ameniomba nati zangu za cherehani, anajipimia mwenyewe, anasema amefika sita.

Ile kazi aliyosema ilimchukua siku nne. Skrubu zake ni ndogo kama mbegu za nyanya, zilimponyoka zikaanguka sakafuni, nikawa mtu wa kutambaa na sumaku. Aliniambia mara kumi nimwachie, nikamwachia. Sasa nampisha, anataka nafasi iliyobaki kwenye karatasi. Asikutishe mwandiko.

Mama yako mkubwa


Waya,

Naandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo soma polepole.

Mama yako anadhani ni mjanja. Mteja gani mwanamume anakuja kwa mshonaji miezi sita na hashoneshi hata suruali?

Ulisema mikono yangu imepitwa na wakati. Iliniuma. Baadaye ikapitwa kweli, na uliyerudi kuichukua ni wewe. Basi hilo limekwisha, tusilirudie.

Rafu ya juu, ya dirishani, nimeiondolea redio. Nyeusi aliyoificha mama yako nimeiweka hapo, sijaiuza, njoo tupambane. Nimesoma hesabu zako za sekunde tisa na za majani, sijaelewa hata moja, utanieleza. Na fundo lako la tatu limelegea, huko wamekuharibu.

Hicho kikaratasi kilichofungwa kwa uzi ni cha simu ya mama yako. Soma: "Imepona. 21 Julai." Tumeacha kuandikiana barua. Piga leo. Nitapokea mimi.

Baba yako mkubwa